Upanga Uliofichwa Ndani ya Bakora

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na swali lako nililicheka kabla ya kutambua ugumu wake: mwizi unayemchezesha katika Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, ana bakora yenye upanga mfupi ndani, anataka izindikwe, yaani itiwe nguvu za uchawi, nawe wauliza kinachozindikwa ni bakora au upanga. (Nimesema kuzindika kwa makusudi, kwani kuroga ni kumdhuru mtu.)

Kwa kanuni tunazozifuata, za toleo la 3.5 la mwaka 2003, kinachozindikwa ni upanga peke yake, na ule mti ni ala tu. Ikiwa hata gongo la kupigania huzindikwa kila ncha kwa gharama yake, sembuse vitu viwili vinavyotengana? Kwa hiyo mwizi wako akimpiga mtu kwa bakora kabla ya kuuchomoa upanga, asidai nyongeza yoyote kwenye dadu. Upanga wenyewe sharti uwe umefuliwa kwa ufundi bora tangu mwanzo, jambo linaloongeza sarafu 300 za dhahabu, kisha nyongeza ya +1 ni sarafu 2,000. Moto unaoutamani kwenye makali hauwezi kuitangulia +1 hiyo, na vikiwa pamoja huhesabiwa kama +2, yaani sarafu 8,000, si 4,000 kama ulivyopiga hesabu.

Hata hivyo, bei si shaka yangu kubwa. Macho ya askari wa lango utayahadaa kwa bakora, lakini akiwapo mchawi mwenye kutambua uchawi ulio umbali wa futi 60, mti ule hautakusaidia, maana ungehitaji unene wa futi 3 ndipo umzuie. Bamba jembamba la madini ya risasi humzuia, ila ningekuwa msimamizi wa mchezo ningedai mpini nao ufunikwe, na tena askari yeyote atakayeishika bakora hiyo angeshangaa uzito wake. Afadhali umlipe mchawi wa ngazi ya 5 aufanye upanga uonekane wa kawaida kwa siku 5, kisha arudie.

Liko jambo ambalo hukuliuliza. Silaha 30 katika kila 100 zilizozindikwa hutoa mwanga kama taa, unaofika futi 20, wala mwanga huo hauzimiki. Ndani ya bakora hautaonekana. Upanga ukishachomolewa, mwanga haufichiki tena, na kwa mtu anayefanya kazi yake gizani hiyo ni hasara kubwa kuliko faida ya +1. Mimi ningemwachia fundi achague kama upanga utoe mwanga au la, lakini msimamizi wenu ni mpenda dadu, basi mwombe atoe uamuzi kabla hujalipa hata sarafu moja, kisha uniandikie amesemaje.

Wako akupendaye.