Barua ya Malalamiko: Maji Yaliyomwagwa Juu ya Michoro ya Nyero

Kikundi cha Walimu wa Kiswahili,
Kampala.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Kampala.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA NYERO NA TORORO

Ninaandika kwa niaba ya kikundi cha walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari kilichosafiri na kampuni yenu mwishoni mwa mwezi uliopita kwenda kutazama majabali na michoro ya kale ya Nyero, wilayani Kumi, na kupanda Jabali la Tororo siku iliyofuata. Kila mmoja wetu alilipa shilingi 240,000 kwa simu kabla ya safari, na risiti zimeambatishwa pamoja na nakala ya ratiba mliyotutumia. Tuna malalamiko mawili ambayo hayana uzito sawa. Lile la Tororo ni la fedha na linaweza kumalizwa kwa fedha. Lile la Nyero linahusu kitendo alichokifanya mwongozaji wenu mbele ya macho yetu, na kwa sababu hilo haliwezi kumalizwa kwa kurudishiwa nauli, nitalieleza kwa urefu.

Ratiba ilitaka basi liondoke Kampala saa kumi na mbili asubuhi. Lilifika karibu saa tatu, dereva akieleza kwamba lilikuwa limelala gereji. Magari huharibika, na kama kuchelewa huko kungekuwa ndiyo dosari pekee nisingeandika neno. Lakini Mbale nako tulipoteza muda mrefu kwa sababu hoteli ya chakula cha mchana haikuwa na habari kwamba kuna wageni wanakuja, kuku wakaanza kuchinjwa tukiwa tumekwisha kukaa mezani. Kwa hiyo tulipofika Nyero, katika barabara ya kutoka mji wa Kumi kwenda Ngora, jua lilikuwa limeshaanza kuinama, na mwongozaji wenu alikuwa na haraka ya mtu anayetaka kutimiza orodha yake kabla giza halijaingia.

Langoni tulimkuta mzee mlinzi wa eneo, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwatembeza wageni na kuwaeleza habari za mahali hapo. Ratiba yenu inasema wazi kwamba gharama tuliyolipa inajumuisha ada zote za kiingilio na za waongozaji wenyeji. Mwongozaji wenu alilipa kiingilio, kisha akamwambia mzee huyo kwamba hatumhitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshaleta wageni hapo mara nyingi na anajua kila kitu. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba fedha za mwenyeji hazimo katika bajeti aliyopewa ofisini. Naomba mtueleze fedha hizo zilikwenda wapi.

Kuhusu kujua kila kitu, nitasema kwa haki kwamba kijana huyo anazungumza Kiswahili kizuri, kuliko hata baadhi yetu tunaokifundisha, na mliahidi mwongozaji wa Kiswahili mkatimiza. Ila aliyotueleza kwa Kiswahili hicho hayakuwa kweli. Alisema duara nyekundu zilizo kwenye kuta za mapango ya Nyero zilichorwa na mashujaa wa Iteso, watu wanaoishi eneo hilo leo, kwa damu ya ng'ombe baada ya vita. Mtu yeyote anayeuza safari ya Nyero anapaswa kujua kwamba Iteso walifika katika nchi hiyo wakitokea upande wa Karamoja katika karne za karibuni tu, na kwamba wataalamu wa mambo ya kale huihusisha michoro hiyo na wawindaji na wakusanyaji waliokuwa wakiishi hapo kabla yao, watu wa ukoo mmoja na Batwa, wale wawindaji wa misituni. Rangi yake nyekundu haikutoka kwenye damu bali kwenye udongo wenye madini ya chuma. Iteso wana historia yao wenyewe na majabali hayo, nayo haihitaji kuongezewa mashujaa: wazee wao walikuwa wakipanda huko kuomba mvua. Hadithi hiyo angeweza kutusimulia yule mzee aliyeachwa langoni.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Katika pango la pili, ambalo ndilo lenye michoro mingi na iliyo wazi zaidi, mwamba mkubwa umejitokeza juu ya ukuta na kuufunika mfano wa kipaa. Ukutani pana duara ndani ya duara, nyingine ndani yake tena, na maumbo marefu ambayo wengine huyaona kuwa mitumbwi na wengine maganda ya mbegu za mgunga. Mwanga ulikuwa umepungua na baadhi ya wenzetu walikuwa wakilalamika kwamba picha zao za simu zinatoka hafifu. Mwongozaji wenu alifungua chupa ya maji ya kunywa, akayarusha ukutani kwa mkono, kisha alipoona bado hayatoshi akayamimina moja kwa moja juu ya duara kubwa, akasema kwamba hiyo ndiyo siri ya picha nzuri. Ni kweli rangi ilikolea mara moja. Ni kweli pia, na nalisema bila kumtaja mtu, kwamba wapo waliopiga picha kabla wengine hatujafungua midomo.

Mzee mlinzi alitusikia tukibishana, akaja mbio akipanda mawe kwa umri wake ule, akamwambia, "Kijana wangu, hapo ndipo unapopamaliza." Kijana akamjibu, "Tulia mzee, yatakauka tu." Nilipowapigia simu ofisini siku mbili baadaye, ofisa wenu alinipa jibu lilelile karibu neno kwa neno: maji yakikauka hayaachi alama.

Yanaacha. Maji yanapoingia kwenye mwamba huyeyusha chumvi zilizomo ndani yake, na yanapokauka huzileta chumvi hizo juu ya uso wa jiwe, ambako huganda kuwa utando mweupe unaoifunika rangi, au hupanuka chini ya rangi na kuibandua punje kwa punje. Mara moja huenda jicho lisione chochote, lakini kila kundi likija na chupa yake, ukuta huo hulowa na kukauka, ukalowa tena na kukauka, jambo ambalo halikuupata kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana michoro ipo pale ilipo na si kwenye jabali lililo wazi upande wa pili: kipaa cha mwamba kimeikinga na mvua. Mwongozaji wenu aliiletea mvua ndani. Kama mwalimu naweza kulinganisha na mtu anayelowesha ukurasa wa daftari la kale ili wino uliofifia usomeke vizuri, akaridhika kwamba ameusoma.

Nyero ina mapango sita, na katika baadhi yake michoro myeupe imefifia kiasi kwamba mgeni asiyeonyeshwa kwa kidole hupita bila kuiona. Pana pia majina yaliyokwaruzwa na kuandikwa kwa mkaa na watu waliotaka kukumbukwa, jambo ambalo kila mmoja katika basi letu alililaani, akiwemo mwongozaji wenu mwenyewe. Aliyelaani mkaa ndiye aliyemimina maji. Sidhani ana nia mbaya. Nadhani hajawahi kufundishwa, na hapo lawama inahamia kwenu, kwa sababu eneo hilo si kichaka cha kupumzikia kilichosahauliwa na serikali. Ni mahali palipohifadhiwa kwa sheria kama urithi wa taifa, chini ya usimamizi wa Idara ya Makumbusho katika Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, na tangu 1997 michoro hiyo, pamoja na mingine ya namna yake ya mashariki mwa Uganda, imo katika orodha ya awali ya nchi yetu ya maeneo yanayoweza kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Ningeweza kuamini kwamba hili lilikuwa kosa la kijana mmoja jioni moja, kama nisingerudi nyumbani nikaitazama upya picha mliyoitumia kututangazia safari. Ni picha ya pango hilohilo. Duara zinang'aa kwa wekundu ambao hakuna aliyezikuta kavu angeweza kuuona, na chini yake ukuta una michirizi myeusi inayoteremka hadi sakafuni. Hiyo ni michirizi ya maji. Nimeiambatisha na kuizungushia kalamu. Mwongozaji wenu, kwa hiyo, alikuwa akitupa kile ambacho tangazo lenu lilituahidi, na mgeni mwingine atakayevutiwa na picha hiyo atafika, ataikuta michoro ilivyo, na atataka ifanane na tangazo. Picha hiyo ndiyo inayoomba maji.

Baada ya mabishano hayo mwanga ulikuwa umekwisha. Ratiba ilisema tungepanda juu ya majabali kutazama mandhari, na kwa wengi wetu hilo lilikuwa jambo tulilolisubiri kuliko yote, kwani kutoka huko mtu huona tambarare za Teso zikiwa zimetapakaa mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba yamepangwa, na siku isiyo na vumbi huuona Mlima Elgon upande wa kusini-mashariki. Sisi tuliyaona majabali kutokea chini, yakiwa meusi, tukarudi ndani ya basi. Mwenzetu mmoja aliyezaliwa Ngora, ambaye ndiye aliyetushawishi kuchagua safari hii, hakusema kitu mpaka Mbale.

La Tororo nitalisema kwa ufupi. Jabali la Tororo ni mabaki ya volkano ya kale yanayosimama katikati ya mji, watu huyapanda kwa njia ya miguu na ngazi za chuma, na kileleni unaitazama Kenya kwa upande mmoja na Uganda kwa upande mwingine. Tulikuwa tumeandaa hapo somo la fasihi simulizi. Asubuhi hiyo dereva alituambia kwamba basi lina kazi nyingine Kampala alasiri, yaani mlikuwa mmelikodisha mara mbili kwa siku moja. Tulipita Tororo bila kusimama, na mwongozaji akatuonyesha jabali dirishani, akaongeza kwamba kwa kweli linapendeza zaidi likitazamwa kutoka mbali. Katika ratiba yenu, kupanda jabali hilo kumewekewa bei yake peke yake, shilingi 45,000 kwa mtu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamtaka anayetoa huduma kwa malipo aitoe kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Tunaomba basi mturudishie shilingi 45,000 za Tororo kwa kila aliyelipa, pamoja na ile sehemu ya ada ya mwongozaji mwenyeji ambayo haikumfikia mwenyeji. Hatuombi punguzo katika safari nyingine, ambalo ofisa wenu aliligusia katika simu, kwa kuwa punguzo hilo lingetulazimu kusafiri nanyi tena ili tulipwe tunachodai.

Kwa upande wa Nyero hatudai shilingi hata moja. Tunataka picha ile iondolewe katika matangazo yenu yote, ya karatasi na ya mtandaoni, na iwekwe nyingine iliyopigwa ukuta ukiwa mkavu, hata kama haitavutia sana. Tunataka muwaandikie wasimamizi wa eneo kukiri kilichofanyika, mkitaja pango na sehemu ya ukuta iliyomwagiwa, ili wataalamu wa Idara wajue pa kuangalia. Sisi tumekwisha kuwatumia maelezo yetu na picha zenye saa, lakini barua yenu itakuwa na uzito kuliko yetu, kwa sababu mnaweza kuwaambia ni makundi mangapi yamepitishwa hapo kwa namna hiyo. Na tunataka mwongozaji mwenyeji awe anatumiwa na kulipwa katika kila safari mnayoipeleka huko. Kuhusu kijana wenu, hatuombi afukuzwe kazi. Mpelekeni Nyero akakae siku nzima na yule mzee aliyemwambia atulie, ajifunze, kwani Kiswahili chake kinastahili kubeba habari za kweli.

Tutasubiri jibu lenu la maandishi kwa siku kumi na nne tangu mpokee barua hii. Lisipofika, tutawasilisha malalamiko haya kwa Bodi ya Utalii ya Uganda, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni kama yenu, pamoja na viambatisho vyote. Simu ya ofisi yenu ikinipigia kabla ya hapo nitaipokea kwa heshima, ila nitaomba tena yaliyosemwa yaandikwe.

Wako mwaminifu,

Katibu,
kwa niaba ya Kikundi cha Walimu wa Kiswahili.

Viambatisho: risiti za malipo, nakala ya ratiba, nakala ya tangazo lenye picha ya pango la pili, picha tulizopiga kabla na baada ya ukuta kumwagiwa maji.

Nakala: Idara ya Makumbusho, Kampala; Wasimamizi wa eneo la Nyero, Kumi.