Kadi ya mkopo isiyo na ada ya mwaka si ya kila mtu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wako wanaoishi Marekani, na wazazi ambao watoto wao wanakwenda huko kusoma au kufanya kazi. Mtu akishakaa kidogo, barua za kadi za mkopo huanza kujaa kwenye sanduku lake la posta, na kwa maandishi makubwa kuliko yote imeandikwa: ada ya mwaka, dola 0. Wengi wanajaza fomu papo hapo kwa kudhani kadi hiyo ni ya bure.

Ada ya mwaka ni gharama moja tu. Nyingine zimo kwenye jedwali la riba na ada, ambalo sheria ya huko inalazimisha liambatane na fomu ya maombi. Someni hilo kwanza, zawadi baadaye.

Anzeni na mstari wa riba. Anayelipa deni lote kila mwezi, riba ya manunuzi haimgusi hata ikiwa asilimia 29. Tangu sheria ya mwaka 2009, taarifa ya mwezi lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa, na kwa kadi nyingi ukilipa yote ndani ya muda huo hudaiwi riba. Ukibakiza deni, nafuu hiyo inaondoka: hata mkate utakaonunua mwezi unaofuata unaanza kuzaa riba siku hiyo hiyo. Hapa ndipo watu wanapoumia. Wanalipa kile kiwango cha chini kilichotajwa kwenye taarifa, tuseme dola 35, wakaamini wametimiza wajibu. Deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka linazaa kama dola 20 kila mwezi, kwa hiyo katika zile 35 ni 15 tu zinazopunguza deni. Mwenye tabia ya kubakiza deni asihangaike na ada ya mwaka, atafute riba ndogo. Vyama vya kuweka na kukopa vya ngazi ya shirikisho, mfano wa SACCOS zetu, vimewekewa ukomo wa riba wa asilimia 18. Aulize huko kwanza.

Kwa anayelipa yote, swali ni la hesabu. Tuseme kadi ya ada ya dola 95 inakurudishia asilimia 3 ya manunuzi ya chakula, na isiyo na ada inarudisha asilimia 1.5. Ili tofauti hiyo ifidie dola 95, lazima ununue chakula cha dola 6,333 kwa mwaka, yaani kama 528 kwa mwezi. Familia ya watu sita inafika huko. Kijana anayepanga chumba hafiki. Bonasi ya kukaribishwa msiitie kwenye hesabu hii, maana hutolewa mara moja na ada hurudi kila mwaka.

Mgeni asiye na historia ya mikopo namshauri bila kusita achukue isiyo na ada, hata kama ni ile ya kuweka dhamana ya dola 200 au 300. Umri wa akaunti unahesabiwa kwenye alama zake za mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitumia kupima kama mtu ni mlipaji mzuri, na kadi isiyo na ada anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kulipia. Ainunulie kitu kidogo kila baada ya miezi michache, kwani benki hufunga kadi iliyolala. Aangalie pia tarehe ya kufunga hesabu ya mwezi. Akiwa na ukomo wa dola 500 na ametumia 450, kwa kawaida benki huripoti kwamba ametumia asilimia 90, na alama hushuka hata kama hajawahi kuchelewa kulipa. Akilipa 400 siku mbili tatu kabla ya tarehe hiyo, inaripotiwa asilimia 10.

La mwisho linahusu nyumbani. Kadi nyingi zisizo na ada hutoza kama asilimia 3 kwa kila muamala wa nje ya Marekani. Dola 2,000 za likizo Zanzibar zitakugharimu 60 zaidi, na kadi zisizo na ada ya mwaka wala hii ya miamala ya nje zipo ukizitafuta. Kutuma pesa kwa wazazi kupitia programu ya simu iliyounganishwa na kadi ya mkopo ni hatari zaidi: benki nyingi huhesabu kwamba umechukua fedha taslimu, zinakata ada, mara nyingi asilimia 5, na riba inaanza siku hiyo hiyo. Tumeni kutoka akaunti ya benki. Na mashine ya kadi hotelini ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi, kwa sababu ukichagua dola bei ya kubadilisha fedha hupangwa na mwenye mashine, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya kadi yako.

Msomaji wako,
Dallas, Texas