Mbeya hadi Guangzhou, China: kilomita 9,400, lakini ni saa ngapi?

Wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Tunduma wanaokuja kukata tiketi kwetu huuliza hilo kabla hata ya bei. Kwa mstari ulionyooka, Songwe (uwanja wa ndege wa Mbeya) hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 690, na Dar–Guangzhou kama 8,700. Ukigawa kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita 900 kwa saa, unapata saa kumi na nusu hivi. Usipange safari kwa hesabu hiyo.

Mwendo huo ni wa ndege ikiwa imeshatulia juu. Kupanda, kushuka na kutembea uwanjani kunakula muda, na njia za angani nazo zina kona zake. Kwa hiyo Dar–Guangzhou bila kutua ni kama saa 11, na kurudi huweza kuzidi kidogo kwa upepo wa mbele. Songwe–Dar kwa ndege ya pangaboi ni saa moja na nusu hivi. Jeti hupunguza dakika chache tu.

Kisha soma tiketi vizuri. Kila muda ulioandikwa ni wa mji husika, na China iko mbele yetu kwa saa 5. Tuseme unaondoka Dar 23:30 na kufika 15:30 kesho yake: hizo ni saa 16, toa 5, zinabaki 11. Wakati wa kurudi unajumlisha badala ya kutoa.

Kosa linalogharimu zaidi ni la usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 15, 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake uwe uwanjani tarehe 14, kwenye saa tatu na nusu usiku. Ukienda usiku wa tarehe 15, ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia.

Kuhusu kuunganisha Dar, tunashauri tiketi moja kwa safari nzima. Hapo ndege ya Songwe ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, unachukua begi lako, unahamia jengo la safari za nje, unapanga foleni upya, na kaunta kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka. Ukichelewa, unahesabiwa kuwa hukutokea. Songwe ukungu ukitanda asubuhi, ndege hungoja au hurudi Dar, kwa hiyo mwenye tiketi mbili atangulie siku moja.

Na basi la Mbeya–Dar je? Ni saa 12 hadi 14 barabara ikiwa nzuri, lakini lori moja likikwama kwenye mlima wa Kitonga hesabu yote inavurugika. Atakayepanda basi alale Dar. Na wa ndege naye atoke mjini mapema: kabla ya kufika Songwe kuna mteremko wa Iwambi na foleni ya malori Mbalizi.