Usizifute ngeli, mwanangu

Kwa mwanangu Salim,

Assalamu alaykum. Karatasi za lugha unayoitunga nimezipata. Nilikwenda kuzichapisha dukani Langoni, maana macho yangu siku hizi hayataki kioo cha simu. Nimefurahi, na nimeudhika, na vyote viwili nakwambia kabla hujapanda ndege ya Uholanzi.

Nilichofurahia ni kwamba kazi ina mpango. Sehemu ya sauti umeitengeneza vizuri hata mwalimu mwenzangu akaniuliza ni lugha ya watu gani. Nikamwambia ni ya mtu mmoja, na mtu huyo nimemzaa mimi.

Sasa kikundi nomino, yaani nomino na vivumishi vyake. Mwaka jana lugha yako ilikuwa na ngeli sita. Safari hii nafungua ukurasa, hazipo. Kivumishi umekiweka mbele ya nomino, hakibadiliki kwa lolote, na umeandika kwamba wenzako walisema ngeli ni mzigo kwa mwanafunzi. Wenzako gani hao? Na kabla ya kuzifuta uliangalia zilikuwa zikifanya kazi gani?

Chukua mlango wa ami yako. Nikisema "mlango wa nyumba ya mawe uliochongwa", kilichochongwa ni mlango. Nikisema "iliyochongwa", ni nyumba. "Yaliyochongwa", ni mawe. Nomino tatu zimefuatana, maneno ni yaleyale, na msikilizaji hapotei, kwa sababu kila nomino inatambulikana kwa upatanisho wake. Nimejaribu kuyasema hayo matatu kwa lugha yako mpya, kwa kufuata kanuni zako mwenyewe. Yote yametoka sentensi moja. Nani atajua fundi alichonga nini?

Unaniambia lugha za kutunga hutafuta wepesi. Zamenhof naye alitafuta wepesi alipotoa kitabu cha Kiesperanto, lugha aliyoitunga mwenyewe, kule Warsaw mwaka 1887, na ngeli hakuweka. Lakini upatanisho hakuuacha. Mlango mkubwa ni "la granda pordo", milango mikubwa ni "la grandaj pordoj", na ukiifungua hiyo milango inakuwa "la grandajn pordojn", kivumishi kinaifuata nomino kila iendako. Hata hivyo, mlango mmoja na nyumba moja vikikaa pamoja, ukaweka "granda" mwishoni, "la pordo de la domo granda", umbo la kivumishi halikwambii kikubwa ni kipi. Sisi tunaambiwa: "mlango wa nyumba mkubwa" au "mlango wa nyumba kubwa". Marc Okrand katika Kiklingoni, lugha aliyoitungia filamu za Star Trek, ametenga viambishi vitatu vya wingi: cha viumbe wanaosema, cha viungo vya mwili, na cha vitu vinginevyo. Paul Frommer katika Kina'vi, lugha ya filamu ya Avatar, anakiacha kivumishi kikae mbele au nyuma, ila lazima kiwe na "a" upande unaoelekea nomino. Wewe ndiye uliyenieleza hayo kwa simu, tena kwa kusifu. Ukiyaona kwa watu yanakupendeza, ya kwetu unayafuta.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Salim. Naogopa umezifuta kwa kuwa ni za kwetu. Babako anasema mimi ndiye niliyekuwa nikikurudi kila ukisema Kiamu chetu cha hapa Lamu mezani. Mimi nasema mtihani ulikuwa mbele yako. Bibi yako hakukurudi hata siku moja. Mpaka leo anasema "zitu zangu", "zombo zangu", na hizo z zake zinapatana kuanzia mwanzo wa sentensi hadi mwisho, wala hakusoma sarufi popote. Ukifika huko watu watakuuliza umetoka wapi kabla ya kukuuliza umetunga nini.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa hapa kwetu alitutungia neno "runinga", yaani televisheni. Neno lilikuwa jipya kabisa, lakini tulipolipokea tulijua la kulifanya: runinga hii, runinga hizi, runinga yetu imeharibika. Neno bila ngeli ni mgeni asiyejua alale chumba gani.

Basi kama sita ni nyingi, bakisha nne. Kivumishi kirudishe nyuma ya nomino au kiache mbele, hapo sikugombezi. Lakini kipatane, na kirejeshi, kama kile cha "uliochongwa", kipatane pia. Tena amua mapema kuhusu viumbe hai, usije ukakwama: sisi twasema "kijana mrefu", hatusemi "kijana kirefu", japo neno limeanza na ki-. Uhai umelishinda umbo. Kanuni ya namna hiyo ingeipendeza lugha yako, na rasimu yako ya kwanza ilikuwa nayo. Usizifute. Nimeshasema, na nitasema tena ukinipigia.

Mzigo wako nimempa jirani anayekuja huko Nairobi Jumatano. Kuna achari ya embe, kikoi kipya, na sweta aliyokununulia dada yako. Ivae, usiseme inawasha. Pesa alizotuma ami yako zisiguswe mpaka ujue kodi ya chumba ni kiasi gani. Na ukitua, piga simu kwanza kwa bibi yako, mimi nitasubiri.

Hapa nyumbani boriti mbili za dari ya chumba chako zimeliwa na mchwa. Fundi amekuja, ameangalia, ametaja bei ambayo babako ameikataa, na sasa wamenuniana msikitini. Vitabu vyako nimevihamishia sebuleni. Katika kuhamisha nimeliona daftari la mwaka jana, lile la ngeli sita, nikalitia kwenye mzigo.

Nijibu leo mnaruhusiwa kilo ngapi kwenye ndege. Zikizidi, nitatoa achari. Daftari halitoki.

Mamako
Lamu