Kwa shoga yangu wa Malindi: kuhusu hisa za simu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Mkomani tu wazima, alhamdulillahi, na watoto wanakuamkia. Barua yako nimeisoma, na tangu hapo fikira zangu ziko kwenye pesa za shamba la Gede. Wataka kuzitia zote kwenye hisa za kampuni ya simu ya Safaricom ili uwe unakula mgao wa faida kila mwaka. Nakuandikia kirefu kwa sababu pesa hizo ni jasho la marehemu mama yako, na shamba jingine la kuuza huna.

Nianze na langu. Hisa zangu 1,000 ni za yale mauzo ya 2008, serikali ilipouza robo ya kampuni kwa shilingi 5 kila hisa. Mwisho wa Agosti 2025 niliingiziwa mgao kwa M-Pesa: shilingi 617 na senti 50. Ulikuwa senti 65 kwa hisa, ikakatwa kodi ya asilimia 5. Mwezi wa Machi zilikuwa zimeingia 522 na nusu. Mwaka mzima, 1,140. Nilishukuru, maana Agosti upepo wa kusi umeshawachosha wavuvi na mjini kila mtu anakopa dukani.

Sasa piga hesabu nami. Hiyo 1,140 kwangu ni karibu asilimia 23 ya zile 5,000 zilizotoka 2008, ndiyo maana ukinisikia nikisifu waona ni neema tupu. Wewe hutanunua kwa 5. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40, na 2024 ikashuka chini ya 15. Mgao wa shilingi 1.20 kwa aliyenunua kwa 40 ni asilimia 3, kabla ya kodi. Kwa aliyenunua kwa 15 ni asilimia 8. Kampuni ni moja na mgao ni mmoja, ila mmoja amekula na mwenzake ameonja. Kwa hiyo dalali akikutajia mgao, mwulize bei ya siku hiyo, ugawanye mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Usikubali akufanyie yeye.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi juu yako: waona mgao kama mshahara. Kampuni hailazimiki kuutoa. Wakurugenzi hupendekeza, wanahisa huidhinisha, na mwaka mbaya unaweza kupunguzwa. Biashara ya simu hula pesa nyingi kabla mwenye hisa hajapata chochote: minara, leseni, masafa ya mawimbi, na kila teknolojia mpya ikija mitambo hubadilishwa tena. Safaricom ilipoamua kuingia Ethiopia, leseni peke yake ya 2021 ilikuwa dola milioni 850. Huduma ilianza Oktoba 2022, na 2024 birr, sarafu ya huko, ikaachiwa ifuate soko, ikaporomoka vibaya. Mgao uliokuwa 1.39 kwa mwaka ulioishia Machi 2022 ukawa 1.20 mwaka uliofuata, ukabaki hapo hapo 2024 na 2025, na bei za vitu sokoni wazijua zilivyokwenda. Mimi naamini Ethiopia italipa, nchi ile ina watu zaidi ya milioni 100. Lakini ni imani yangu, sitaki uweke shamba la mama juu yake.

Na yule mpwa wako wa Uingereza anayekwambia ununue hisa za Vodafone, kampuni ya simu ya huko, mwambie akusomee historia yake yote. Mwaka 2019 walipunguza mgao kutoka senti 15 za yuro hadi 9, kisha 2024 wakatangaza kuukata nusu, hadi 4.5. AT&T ya Marekani nayo 2022 ilishusha kutoka dola 2.08 kwa mwaka hadi 1.11. Hizo ni kampuni ambazo wastaafu walikuwa wakizitegemea kwa chakula. Ukiona mgao ni mkubwa mno ukilinganisha na bei, mara nyingi soko limeshahisi kwamba utakatwa.

Kuhusu dini, najua hutaki hati fungani za serikali kwa sababu ya riba, na nakuunga mkono. Lakini hisa nazo usizifumbie macho. Sehemu ya mapato ya kampuni hii hutokana na Fuliza na M-Shwari, yaani mikopo ya simu. Mimi hutoa kiasi cha mgao sadaka ili kuutakasa. Kiasi gani, muulize shekhe wako, usinifuate mimi.

Rai yangu: tenga kwanza karo na matumizi ya mwaka mzima, yasiguswe. Kinachobaki ndicho cha hisa, nacho usinunue kwa siku moja. Nunua kidogo, ngoja miezi, nunua tena. Na kama wautaka mgao wa Agosti, jina lako liwe kwenye daftari la wanahisa kabla halijafungwa, kwa kawaida ni mwisho wa Julai.

Niandikie mambo mawili kabla hujampa dalali hata shilingi: karo ya kijana ni kiasi gani hadi amalize, na deni la paa limebaki ngapi. Nikishayajua hayo tutakaa tupange kiasi.

Wasalimie wote nyumbani, na bi mkubwa umbusu mkono kwa niaba yangu.

Wasalaam,
Shoga yako wa Lamu