Mikoko ya Tudor: sifa ziwaendee wanaorudi matopeni

Mhariri,

Kila tarehe 26 Julai, Siku ya Kimataifa ya Mikoko, huonekana picha za wageni waliovaa fulana mpya, kila mmoja na mche mkononi, wakitabasamu kando ya hori la Tudor hapa Mombasa. Waje, na karibu sana. Lakini naomba nafasi katika gazeti lako niwataje wasiokuwemo kwenye picha hizo: wavuvi, akina mama karanga (wauzaji wa samaki wa kukaanga), vijana wa bodaboda na wanafunzi wa Mikindani, Jomvu Kuu, Mishomoroni, Junda na Tudor, ambao hurudi matopeni mwezi baada ya mwezi bila malipo ili kilichopandwa kiishi. Mikoko mingi hufa baada ya siku ya kupandwa, na sababu zake karibu zote zinajulikana na zinazuilika. Kwa hiyo sifa, fedha na hesabu zifuate kazi ya kurudi.

Watu hawa huanza kazi kabla hata mbegu haijachumwa. Swali lao la kwanza ni kwa nini mahali fulani hapana mikoko, ilhali miti jirani inadondosha mbegu na maji yanazileta kila siku. Pengine mkondo umezibwa kwa kifusi au taka. Pengine watu hukata kila kinachochipua. Pengine tope limeinuka mno: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi hori la Mwache na hori la Tudor, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, na miti mikubwa ikakauka ikiwa imesimama. Ukipanda juu ya tope la namna hiyo bila kufungua njia ya maji, umetupa mbegu. Wanaojua hutangulia na majembe, wakafuata mkondo wa zamani na kuchimba vijia ili maji yaingie na, muhimu zaidi, yatoke. Maji yakituama juani hupata moto na chumvi huzidi, na mche hauwezi kustahimili hayo. Na pale miche inapoota yenyewe, hawapandi kitu. Hulinda tu, na hakuna njia rahisi kuliko hiyo.

Kisha huja suala la aina. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na kila moja ina makao yake. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe, yaani aina yenye jina hilo hasa, hufuata, hasa kandokando ya mikondo. Muia na mkandaa hukaa juu kidogo, kikandaa nyuma karibu na nchi kavu. Mchu, kwa kuwa hustahimili chumvi nyingi, huonekana nyuma kwenye uwanda mkavu na mara nyingine mbele pia. Kosa linaloua miche mingi kuliko yote ni kupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, ni rahisi kushika na rahisi kuchomeka. Ukiuweka chini mno, kwenye tope linaloonekana maji yanapopwa sana tu, huzama ukafa. Ukiuweka juu mno, panapofikiwa na bamvua (maji makubwa ya mwezi) pekee, huungua kwa chumvi. Wanakikundi wazoefu hawahitaji mashine kuamua. Hutazama miti ya asili iliyo kwenye usawa uleule, na kama hapo pana mchu, hupanda mchu.

Saa ya kupanda nayo huamuliwa na mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapa Mombasa katika siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Katika bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maana yake, mgeni rasmi aliyealikwa saa tatu akafika saa tano, hotuba zikaendelea hadi saa sita, amekuta maji yamegeuka. Miche huchomekwa mbiombio, watu wakikimbizana na maji, na mingi huelea jioni ileile. Wanaopanga sherehe za namna hii wamuulize mvuvi tarehe kabla ya kuchapisha kadi za mwaliko, na hotuba ziwekwe mwisho, nchi kavu.

Mbegu iliyokomaa ya mkoko hutambulika kwa pete ya manjano kati ya tunda na mbegu. Ukiivuta kidogo hujitoa. Isiyo na pete ni changa, na hunyauka. Huchunguzwa moja moja: yenye tundu dogo la mdudu, iliyotafunwa na kaa au iliyovunjika ncha hutupwa. Zilizobaki hubebwa ndani ya gunia bichi na kuwekwa kivulini hadi siku ya kupandwa, nayo isicheleweshwe. Ncha iliyochongoka huingia chini na chipukizi hubaki juu, ingawa kila mwaka wapo wageni wanaozipanda kichwa chini. Zisizame zaidi ya theluthi ya urefu wake, na zisipigwe kwa jiwe wala rungu. Kamba yenye fundo kila mita 1 hurahisisha kazi: nafasi ya mita 1 kwa 1 ni mbegu 10,000 kwa hekta, na hizo zatosha. Wanaochomeka tatu hatua moja ili hesabu ya siku ipendeze wanafanya mbegu zigombanie mwanga na nafasi.

Kwa mchu na mlilana, na popote kaa walipo wengi, kuna haja ya kitalu, na hapa ndipo subira ya watu hawa inapoonekana. Kitalu hujengwa mahali panapofikiwa na maji ya bamvua, ili bahari yenyewe iinyweshe miche bila kuizamisha. Mifuko hutobolewa na kujazwa tope la palepale ufukweni, kisha huezekewa makuti yanayopitisha mwanga nusu. Mbegu za mchu hulowekwa usiku kucha mpaka ganda litoke, halafu hulazwa juu ya tope. Ukizifukia huoza. Matunda ya mlilana huachwa majini hadi nyama yake ioze, ndipo mbegu ndogondogo zipatikane na kusiwa. Baada ya miezi mitatu hadi sita miche huwa tayari, lakini katika wiki za mwisho makuti huondolewa kidogo kidogo ili izoee jua. Siku ya kupanda mfuko huchanwa, ukarudishwa nyumbani. Mfuko ukiachwa kwenye tope hufunga mizizi, na mche hudumaa kisha hufa, wala hakuna atakayejua kwa nini.

Hapo wageni huwa wameshaondoka, na kazi ya wanaojitolea bado ni changa. Wiki mbili za kwanza hupita wakichomeka upya mbegu zilizong'olewa na maji. Kisha huja mwani na taka. Karatasi za plastiki, nyavu mbovu na nyuzi za mwani hunasa kwenye mche, na maji yanayofuata huuvuta ukalala. Ukiung'ang'ania mwani kwa nguvu, mche hutoka nao kwa kuwa mizizi haijashika, kwa hiyo mwani hukatwa kwa makasi na kutolewa vipande vipande. Kwenye mashina hujigandisha chaza wenye magamba makali, pamoja na magamba meupe mithili ya saruji. Haya hukwanguliwa kwa kijiti cha mti, maana kisu hujeruhi ganda la mche. Lakini mjuzi akiona magamba yamefunika shina hadi majani, hasafishi tena. Hiyo ni dalili kwamba mahali pale ni chini mno, na kuziba pengo hapo mwakani ni kurudia kosa.

Kaa hukata miche michanga shinani, na dawa yake ni mche mrefu wa kitalu ulioanza kukomaa shina. Mbuzi na ng'ombe hupenda majani ya mchu. Mazungumzo na wenye mifugo yamefaa kuliko uzio, ambao miti yake yenyewe huibwa ikawa kuni.

Kisha kuna shoka. Fito, pau na boriti (miti ya kujengea, kuanzia nyembamba hadi nene) bado zina soko, na kuni za mikoko hupikia pombe haramu usiku. Mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na Sheria ya Misitu ya 2016 inawapa wanajamii waliojisajili kama chama nafasi ya kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu katika kuilinda. Wanaojitolea hawana bunduki wala mamlaka ya kukamata. Hupita, huhesabu visiki vibichi, hupiga ripoti, na hukaa na wakataji wakizungumza, kwa kuwa mara nyingi ni majirani zao. Hasara ya mti mmoja ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: kule Gazi, Kwale, mikoko iliyopandwa na kupimwa ikiwa na umri wa miaka 12 ilikuwa na kimo cha mita 8 hivi na unene wa sentimita 6 hivi. Hiyo ni pau. Dakika tatu za shoka hula miaka 12 ya ulezi.

Jambo la mwisho ni daftari. Kikundi kizuri huchagua viwanja vya mita 10 kwa 10, hupigilia vigingi pembeni, na hurudi kuhesabu baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita, na kumi na miwili. Kwa nafasi ya mita 1 kiwanja hicho huwa na miche takriban 100, kwa hiyo idadi iliyo hai ndiyo asilimia yake, bila kikokotoo. Huandika tarehe, aina, kimo, na sababu ya kila kifo inapojulikana. Daftari la shilingi chache la namna hii lina thamani kuliko bango lolote, kwa sababu linaonyesha pa kupanda tena na pa kuacha. Tangu serikali iweke lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, kila mtu ana idadi ya miche aliyopanda. Idadi ya iliyo hai iko kwenye madaftari haya, na ni wachache wanaoomba kuyaona.

Kwa wahisani na kampuni zinazotoa fedha, naomba mambo mawili. Kwanza, nusu ya fedha za upandaji ibaki kwa miaka miwili ya utunzaji: viatu vya kamba vinavyobana mguu (gambuti hubaki kwenye tope), makasi, magunia, maji ya kunywa, nauli, na chakula cha mchana kwa mtu aliyeacha kuvua siku hiyo. Kujitolea si sababu ya mtu kurudi nyumbani mikono mitupu huku watoto wakimngoja. Pili, awamu ya mwisho ya malipo itolewe baada ya hesabu ya mwezi wa kumi na mbili, mbele ya kikundi na afisa wa misitu.

Kwa kaunti: maji machafu na taka zinazomwagika horini kutoka mitaani huongeza kazi ya watu hawa kila wiki. Hakuna kikundi cha kujitolea kinachoweza kuzoa kwa mikono kinacholetwa na kila mvua.

Nawe Mhariri, nakuomba hivi. Kila mnapochapa picha ya upandaji, taja mahali, aina ya mti na idadi, halafu mtume mwandishi na mpiga picha mahali hapohapo mwaka unaofuata, siku ya bamvua, saa nne asubuhi. Wasiende na gambuti. Wamtafute mwenye daftari, wamwombe awaonyeshe vigingi, na majina ya wanakikundi wote yachapwe chini ya picha, wakiridhia.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mombasa