Barua kwa Mkurugenzi Mkuu: Makao Makuu Yamehamia Nairobi, Deni Liko Lamu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Mabasi na Vifurushi,
Makao Makuu, Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: KATONI YA KOFIA ILIYOPOTEA NA JINSI NILIVYOTENDEWA KATIKA OFISI YENU YA LAMU

Asalaam alaykum. Ninakuandikia kwa heshima ambayo ninailinda kwa taabu, maana ofisi yako ya hapa haikunibakishia nyingi. Risiti ya mzigo, orodha ya vilivyokuwemo na thamani niliyoitangaza wakati wa kupakia nimeviambatanisha. Masharti yenu kuhusu mzigo unaopotea mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayakariri. Yamechapishwa nyuma ya risiti hiyohiyo, na chini yake mpaka leo mmeandika kwamba makao makuu ya kampuni yapo Lamu.

Ndani ya katoni mlikuwa na kofia za mkono, kazi ya wanawake wa mitaa yetu ya Mkomani na Langoni, zikienda Mombasa kwa mnunuzi aliyezitaka kabla ya Idi. Kofia ya namna hiyo hukaa miezi mkononi mwa mshonaji, tundu baada ya tundu, na mtu asidhani kwamba ikipotea itatafutwa nyingine dukani. Idi imepita, mnunuzi amejinunulia za mashine, na wanawake wale, ambao hawana mapatano yoyote na kampuni yako, wanakuja kubisha mlango wangu.

Nilikwenda ofisini kuuliza. Nilimsalimu kijana aliyekaa mezani, ambaye kwa umri ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, nikampa risiti. Salamu hakuiitikia. Aliitazama risiti, akaisukuma kunirudishia kwa ncha ya kalamu, akasema kwa sauti iliyowafikia abiria waliokuwa wakingoja boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara: "Mama, hapa tunauza tiketi tu. Mwenye maneno ayapeleke Nairobi." Nikamwomba afungue daftari la mizigo, lililokuwa palepale mbele yake, tuangalie pamoja kama katoni ilivushwa. Akamwita mlinzi aniondoe ili wateja wapate nafasi.

Nilipiga ile namba ya makao makuu. Hujibiwa na mashine inayokuamuru ubonyeze hiki na kile, na ukibahatika kumpata binadamu, naye hukuuliza Lamu ni tawi namba ngapi. Hatimaye nikaambiwa kwamba madai ya mzigo hupokelewa Nairobi tu, kwa mkono, na mwenye risiti halisi afike yeye mwenyewe. Yaani nivuke kwa boti hadi Mokowe, nipande basi lenu lenyewe kwa nauli yangu, nipite Witu na Garsen na vizuizi vyote vya usalama mnavyovijua, nilale ugenini, nipate kuuliza kuhusu kitu kilichopotelea mikononi mwenu!

Mlipotangaza kuhama mlituahidi kwamba kwa mteja wa Lamu hakuna kitakachobadilika. Kuhama ni haki yenu, na sisemi kampuni ifungwe kamba kwenye gati la Lamu milele, ingawa sababu mliyotoa, ya kuisogelea biashara, ilitushangaza wengi, kwani mji mnaoukimbia ndio ambao bandari yake mpya ilipokea meli za kwanza Mei 2021, na barabara ya Garsen hadi hapa imekwisha kutiwa lami. Kabla ya lami hiyo tulilala njiani pamoja na mabasi yenu yaliyokwama matopeni na hatukwenda kwa mwingine. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalipoikata njia pale Lango la Simba, mizigo yetu ilichelewa, tukavumilia. Wakati ule kulikuwa na meneja mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Alikuwa akitoka nje mwenyewe kutueleza mzigo umefika wapi. Mmempeleka wapi?

Na nirudi kwenye daftari, kwa sababu hapo nilikatisha. Daftari lile nalijua. Nilitia sahihi ndani yake siku niliyokabidhi katoni, na karani wa zamani akaandika mbele yangu jina la mpokeaji na idadi ya kofia. Nilipomwomba yule kijana alifungue, alilifunika kwa kiganja, kisha akachukua kikombe chake cha chai na kukiweka juu ya jalada, polepole, huku ananitazama usoni. Hakuwa na kazi nyingine wakati ule. Hakuna aliyekuwa akinunua tiketi. Ndipo akamwita mlinzi. Mlinzi, ambaye ni mtoto wa mtaani kwetu, aliona haya hata kunisogelea, akabaki kuniambia, "Twende, mama, twende," na abiria wote wamenyamaza wakinitazama nikitolewa kama mwizi katika ofisi niliyoitilia mizigo tangu ilipofunguliwa. Pengine jibu la swali langu lilikuwa chini ya kikombe kile.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai fidia ya kofia kwa thamani iliyo kwenye risiti, basi. Sasa nadai fidia hiyo kamili, na radhi kwa maandishi yenye sahihi yako, si ya karani. Nadai pia nakala ya ukurasa wa daftari wenye sahihi yangu, na daftari hilo lisihamishwe Lamu wala lisipotee kama ilivyopotea katoni. Tena awekwe hapa mtu mwenye uwezo wa kupokea madai na kuyaamua, kwa sababu si mimi peke yangu ninayeambiwa niende Nairobi.

Nawapa siku kumi na nne tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya mwaka 2016 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na haimlazimu mtu kuwa na wakili. Kuhama kwenu hakuninyimi haki ya kushtaki mahali mapatano yalipofanyika, na yalifanyika Lamu. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kufidiwa hasara. Wanawake wa kofia wamekwisha kukubaliana kwamba msimu wa Maulidi mizigo yao itapanda gari la wapinzani wenu, na wenye maduka ya Langoni wameanza kuwauliza sababu. Mpaka sasa nimewazuia wasiitaje kampuni kwa jina. Siku ya kumi na tano sitawazuia.

Mteja wenu,
Mtaa wa Mkomani, Lamu.

Viambatanisho: nakala ya risiti, pande zote mbili; orodha ya kofia. Risiti halisi ninabaki nayo mimi.